Mbwa anayesikia akiitwa lakini haji: jibu kwa msomaji wa Uyole

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa familia, naishi Uyole, Mbeya, na nafanya biashara ya viazi mviringo hapa nyumbani. Tuna mbwa dume wa kienyeji, ana mwaka mmoja na miezi minne, anaitwa Simba. Mchana tunamfunga mnyororo nyuma ya nyumba kwa sababu ya wateja wanaoingia na kutoka, na saa tatu usiku tunamfungulia alinde. Tatizo ni asubuhi. Nikimwita saa kumi na mbili ili nimfunge, anasimama hatua saba au nane kutoka nilipo, ananitazama, na nikimsogelea anarudi nyuma. Juzi alipenya kwenye tundu la uzio akafika barabara kuu, lori likamkosa kidogo. Aliporudi, mwanangu wa kidato cha pili alimchapa ili asirudie. Baba watoto anasema huyu ni sikio la kufa, tumtoe tulee mtoto wa mbwa tuanze upya. Je, mbwa mkubwa hivi bado anaweza kufundishwa kuja anapoitwa?

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa mshtuko wa lori. Mbwa wako anafundishika, na hakuna neno hata moja katika barua yako linaloonyesha kwamba ni mzito wa kuelewa. Mbwa anayerudi nyuma kila unaposogea, asikimbie moja kwa moja wala asikaribie, amekwisha kupima urefu wa mkono wako na anautunza umbali huo kwa makini. Huyo amejifunza vizuri sana, ila alichojifunza sicho ulichokusudia.

Tuhesabu pamoja. Usiku unapomfungulia humwiti, kwa sababu wewe ndiye unayemfuata alipofungwa. Mchana humwiti, kwa sababu hana pa kwenda. Wakati pekee anaposikia "Simba, njoo" ni saa kumi na mbili asubuhi, na kila mara alipoitikia wito huo alifungwa mnyororo hadi saa tatu usiku, yaani saa kumi na tano. Sisi tunadhani "njoo" maana yake ni kusogea karibu, lakini mbwa hana kamusi. Kwake neno ni kile kinachofuata baada ya neno. Katika nyumba yenu "njoo" imekuwa jina la mnyororo, na ningekuwa mimi ndiye Simba, nami ningesimama hatua nane.

Fimbo ya kijana imeongeza jambo la pili. Mbwa huunganisha raha au maumivu na kile alichokuwa akikifanya sekunde hiyo au sekunde moja au mbili kabla yake, si na kosa la nusu saa iliyopita. Alipochapwa, barabara ilikuwa imeshapita. Alichokuwa akikifanya ni kuingia nyumbani na kumkaribia mtu wa familia. Ndicho kilichochapwa. Simlaumu mwanao, kwa kuwa alikuwa na hofu na fimbo ilikuwa karibu, na mimi mwenye cheti ukutani niliwahi kufanya kosa la ukoo huo huo. Nilipoanza kazi vijijini nilikuwa nikienda na pikipiki kuchanja mbwa, nawaita kwa sauti ya upole, na mbwa akifika namkamata ngozi ya shingo na kumchoma sindano. Mwaka wa kwanza walikuja. Mwaka wa pili walikuja wachache. Mwaka wa tatu nilipozima tu pikipiki kwenye kona ya kwanza, kijiji kizima kilikuwa hakina mbwa, na wenye mbwa walibaki wakinicheka wakiwa wameshika kamba tupu. Sauti yangu ya upole haikuwadanganya, kwa maana walikuwa wakisikiliza sindano.

Kwa hiyo kazi yote iliyo mbele yako ni moja: kuwa na wito ambao, kila Simba anapouitikia, haumgharimu kitu. Mengine yote nitakayoeleza ni namna ya kuulinda wito huo usichafuke kama ulivyochafuka wa kwanza.

Nashauri neno "njoo" uliache kabisa kwa mbwa huyu. Kulisafisha kunawezekana, lakini ni kama kuondoa harufu ya mafuta ya taa kwenye dumu. Ni rahisi zaidi kuchukua dumu jipya. Jina lake nalo usilitegemee kama wito, na hapa nina sababu ya ziada ambayo wenye mbwa wengi hawaifikirii. Mbwa anayeitwa Simba katika nchi hii husikia jina lake likipigwa makelele kutoka kwenye redio, kwenye bajaji na kwenye vibanda vya mpira kila siku ya mechi, bila jambo lolote kumtokea. Sauti inayosikika mara mia bila matokeo huwa kelele tu, kama sisi tusivyosikia tena mvumo wa friji.

Chukua filimbi, ile ya kawaida ya refa inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Mluzi wa mdomo ungefaa pia, lakini najua kuna nyumba ambamo kupiga mluzi, hasa usiku, hakupendwi. Filimbi ina faida tatu kwa mazingira yenu: hupenya ukungu na upepo wa alfajiri za mwezi wa sita na wa saba, husikika sawa iwe imepulizwa na mama au na mtoto, na haina hasira ndani yake hata kama mpulizaji ana hasira. Hakuna haja ya kutafuta zile filimbi maalumu ambazo binadamu hazisikii vizuri. Ni kweli kwamba sikio letu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde na la mbwa hufika kama 45,000, lakini mlio wa refa anausikia vema kabisa, na ni afadhali nawe uusikie ili ujue umepuliza nini. Chagua mtindo mmoja wa kupuliza, kwa mfano milio miwili mifupi, na usiubadilishe.

Hatua ya kwanza ni kuipa filimbi maana, na hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Kabla panya hajaombwa kunusa chochote, huzoeshwa mlio mdogo unaofuatwa papo hapo na chakula, mpaka mlio wenyewe unakuwa ahadi asiyoitilia shaka. Panya mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Kama panya anaweza kubeba kazi nzito kiasi hicho juu ya mlio na kipande cha ndizi, Simba wako anaweza kuvuka ua.

Basi nunua robo ya maini au mapupu buchani, chemsha bila chumvi wala kitunguu, kisha kata vipande vidogo kama punje ya harage. Kuchemsha ni lazima, kwa sababu maini na mapupu mabichi humwambukiza mbwa minyoo ya tegu, ambayo baadaye huweza kuingia kwa watoto. Na kitunguu ni sumu kwa mbwa hata kikiwa ndani ya mchuzi. Mwendee Simba akiwa hapo hapo alipofungwa, simama hatua mbili kutoka kwake, puliza, na kabla hujamaliza kuhesabu moja kipande kiwe kinywani mwake. Usimwambie akae, usimwambie chochote. Rudia mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kwa siku nne au tano. Mpangilio ni muhimu: mlio utangulie, mkono uende kwenye mfuko wa maini baadaye. Mkono ukitangulia, mbwa atautazama mkono na filimbi haitakuwa na maana. Utajua hatua imekamilika siku utakapopuliza akiwa amegeuka kutazama kuku, na shingo ikageuka kwa ghafla kama iliyovutwa na uzi.

Hatua ya pili inahitaji kamba ya manila ya mita kumi, nyembamba, iliyofungwa kwenye mkanda wa shingoni. Isiwe kitanzi kinachokaza, na usiizungushe mkononi, kwa maana mbwa akichomoka kamba hukata ngozi. Fungua mnyororo, mwache azunguke ua akiburuta kamba, nawe shughulika na viazi vyako kana kwamba humwoni. Akiwa mita tatu au nne, na hana jambo kubwa linalomshughulisha, puliza mara moja tu, kisha geuka na uondoke kwa hatua za haraka kwenda upande mwingine. Najua kugeuka huko kunaonekana kinyume cha akili, lakini mbwa ana asili ya kufuata kinachoondoka na kukwepa kinachomjia. Asubuhi zote ulizomsogelea ulikuwa ukimfukuza bila kujua. Akikufikia, chuchumaa ubavu ukiwa upande wake badala ya kumwinamia usoni, na umpe vipande vitatu au vinne kimoja kimoja, ukimsifu kwa sauti ya chini.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo mbwa wa mnyororo hushinda au hushindwa. Mbwa kama Simba huweza kuja mpaka umbali wa mkono, akachukua chakula kwa kunyoosha shingo na kurukia nyuma, kwa kuwa anachokiogopa si wewe, ni vidole vinavyoshika mkanda. Kwa hiyo mkono wa kulia uutunze karibu na goti lako ili alazimike kusogea mpaka kifua chake kikukaribie, na wakati anatafuna, mkono wa kushoto upite chini ya kidevu, si juu ya kichwa, uguse mkanda kwa kidole kimoja na uondoke. Kipande kingine. Guso lingine, safari hii vidole viwili. Baada ya siku kadhaa utashika mkanda kabisa huku anakula, kisha utauachia na kumwambia kwa furaha "Nenda!", naye aende zake kuzurura uani. Kumwachia huko ni malipo makubwa kuliko maini. Kati ya mara kumi utakazomwita, tisa ziishie kwa kuachiwa, mpaka ashindwe kabisa kubashiri ipi ndiyo ya kufungwa.

Nawe utauliza, na ni haki yako, kwamba mwisho wa yote wateja wanakuja saa mbili na mbwa lazima afungwe. Ndiyo, lakini badilisha kile kinachopatikana kwenye mnyororo. Nyumba nyingi za nyanda hizi humpa mbwa ugali na dagaa jioni kabla ya kumfungulia, kwa hiyo wakati wa kazi ameshiba na wakati wa kuitwa hana sababu ya kuja. Sogeza mlo mkubwa uwe asubuhi. Saa kumi na mbili sufuria iwe tayari mahali pake, puliza, ajiletee mwenyewe, ale mpaka aanze kulamba pembeni, ndipo ufunge mnyororo bila haraka na bila maneno. Usiku mpe kiasi kidogo tu cha kumpa nguvu. Wapo watakaokuambia kwamba mbwa asipolishwa usiku atakuwa mkali zaidi. Mimi naona ukali wa njaa si ulinzi, maana mbwa mwenye njaa ndiye anayenyamazishwa na mwizi kwa kipande cha nyama.

Saa kumi na tano za mnyororo, hata hivyo, ni nyingi mno, na sitaacha kulisema hilo kwa sababu tu hukuliuliza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza bila kumtesa, na mbwa anayezunguka nguzo siku nzima huingia usiku akiwa na nguvu zilizolimbikizwa ambazo hakuna filimbi itakayozishinda. Mabanzi ya mbao yanayotoka kwenye misitu ya Sao Hill huko Mufindi huuzwa kwa bei nafuu kuliko mbao, na fundi wa mtaani anaweza kukujengea banda lenye ua mdogo wa mita tatu kwa nne. Isipowezekana, nyoosha waya mnene kati ya nguzo mbili na mnyororo uteleze juu yake, ili mbwa awe na njia ya kutembea.

Ndani ya ua mambo yakienda vizuri kwa wiki mbili au tatu, ongeza ugumu kidogo kidogo: kwanza umbali, halafu mteja mmoja amesimama getini, halafu kuku wa jirani nyuma ya uzio. Usiongeze mawili kwa siku moja. Malipo yalingane na kazi. Akiacha kiazi kilichooza apewe dagaa mmoja, lakini akimwacha kuku apewe maini ya kujaza kiganja. Asipokuja, usipulize mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa kila mlio usio na matokeo unapunguza thamani ya mwingine. Okota ncha ya kamba, mlete polepole bila kumvuta kwa hasira, mpe kipande kimoja, kisha kesho rudi kwenye hatua aliyokuwa akiiweza. Na mvua inapopiga bati, usimwite kabisa. Hakusikii, na kwenu huko mvua hukaa miezi mingi.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo yasichanganywe na mafunzo. Mosi, dume wa umri huu huvutwa na jike aliye kwenye joto, hali inayodumu kama wiki tatu, na harufu hiyo huyashinda maini. Kumhasi kwa daktari wa mifugo hupunguza kuzurura kwa namna hiyo, ingawa hakumfundishi kuitika. Pili, mbwa anayelala nje usiku hukutana na mbwa wengine, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya kata, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambapo mahali pengi huandaliwa chanjo. Mbwa aliyekuwa akiitika vizuri kisha akabadilika ghafla, akajificha, akatoa mate mengi au akauma ovyo, huyo hahitaji filimbi bali mtaalamu siku hiyo hiyo, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali.

Kuhusu mtoto wa mbwa anayependekezwa, mwambie baba watoto kwa heshima zote kwamba methali ya samaki mkunje angali mbichi haikutungwa kwa ajili ya mbwa. Ni kweli kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne mtoto wa mbwa huzoea watu na mazingira kwa wepesi ambao haurudi tena, lakini akiingia kwenye ratiba hii hii ya mnyororo na wito wa alfajiri, baada ya mwaka mtakuwa na Simba wa pili aliyesimama hatua nane. Mbwa mliye naye anahitaji, kwa makadirio yangu, miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuvuliwa kamba ndani ya ua. Nje ya ua sitakupa ahadi hiyo. Malori yanayokwenda Tunduma na yale yanayokata kona kuelekea Tukuyu hayatampa mbwa nafasi ya kukosea mara moja, kwa hiyo lile tundu la uzio lizibwe leo, kabla hata ya kununua filimbi.

Na huyo kijana wa kidato cha pili usimweke kando. Mpe yeye kazi ya kuchemsha na kukata maini. Kila jioni akae chini uani, mgongo umeelekea alipo Simba, arushe kipande kimoja nyuma yake bila kugeuka, kisha kingine karibu zaidi, na asijaribu kumshika hata mbwa akimnusa shati. Inaweza kuchukua siku tatu, inaweza kuchukua wiki mbili. Siku Simba atakapoingiza pua kwenye kiganja chake bila kurushiwa kitu, ndipo mkabidhi filimbi.